Nyuki hawakuja kwenye rozi zetu: tumekosea wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Katuba, Lubumbashi. Kando ya ukuta wa shule kuna kiwanja cha serikali, kama mita 30 kwa 12, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa jalala. Mwaka jana vijana wa mtaa walifanya salongo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa: waliondoa takataka, wakang'oa majani yote, wakachoma, wakalima kiwanja kizima. Tukapanda rozi na bugenvilia ili nyuki warudi, maana wazee wanasema zamani maboga yalizaa sana hapa, ila siku hizi yanaoza yangali madogo. Kufika mwezi wa nane rozi zote zilikuwa zimekauka, na nyuki hatukuwaona. Wazazi wengine wanashukuru hawakuja, wanaogopa watoto wataumwa. Sasa ni mwezi wa tisa, mvua inakaribia, tunataka kujaribu tena. Tumekosea wapi, na tupande nini?

JIBU: Mama Mwalimu, nianzie kwenye maboga, kwa sababu wazee wenu wameona jambo la kweli, na kwa sababu boga litawaonyesha kama mnakosa nyuki au mnakosa kitu kingine.

Mmea wa boga hutoa maua ya namna mbili: dume, lenye kikonyo chembamba, na jike, ambalo lina kijiboga kidogo chini yake. Yote hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya saa sita mchana, na kila ua hupata asubuhi hiyo moja tu. Chavua ya boga ni nzito na inanata. Upepo hauibebi, lazima mdudu aichukue mguuni. Asipopita mdudu, kijiboga hukaa siku chache, hugeuka njano, kisha huoza. Ndivyo mnavyoona. Lakini ukame na udongo dhaifu navyo huangusha maboga machanga, kwa hiyo msiniamini mimi, fanyeni jaribio na wanafunzi mvua ikishaanza. Chagueni maua jike kumi. Saa kumi na mbili asubuhi chumeni ua dume, toeni petali zake, pakeni chavua yake ndani ya maua jike matano na kuyafunga uzi mwekundu. Mengine matano yaacheni. Baada ya siku kumi hesabuni. Yenye uzi yakinenepa na mengine yakaoza, mnakosa wachavushaji. Yakioza yote kumi, tatizo liko kwenye maji au udongo, na hakuna bustani ya nyuki itakayolitatua.

Sasa rozi. Zilikauka kwa sababu kiangazi chetu ni kirefu: kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi hatupati mvua ya maana, na rozi bila mtu wa kuimwagilia kila siku haifiki mwezi wa nane. Lakini hata zingeishi, nyuki wasingepata kitu. Rozi za dukani zimebadilishwa na wakulima wa maua kwa vizazi vingi ili ziwe na petali tele, na petali hizo zimechukua nafasi ya stameni, yaani sehemu inayotengeneza chavua. Ni meza iliyotandikwa kitambaa kizuri bila chakula juu yake. Bugenvilia nayo: zile "petali" za waridi na zambarau ni majani yaliyogeuka rangi, ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kidogo katikati, kirefu na chembamba, ambacho kinamfaa kipepeo kuliko nyuki. Ongeza kwamba nyuki haoni nyekundu kama sisi tunavyoiona; kwake ni kama weusi. Anachokiona vizuri ni bluu, zambarau, njano, na mwanga wa urujuanimno ambao macho yetu hayaupati. Karl von Frisch wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, ndiye aliyeonyesha mengi ya haya kwa kuwazoesha nyuki kutafuta maji ya sukari juu ya karatasi za rangi.

Hata hivyo, Mama, kosa la rozi ni dogo. Kosa kubwa lilifanyika kabla ya kupanda, siku ile ya salongo, na nalisema kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nimelifanya.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusimamia kiwanja cha jumuiya moja hapa mjini. Kwenye kona yake kulikuwa na udongo mtupu, mgumu, umeelekea jua la asubuhi, una vitundu vidogo kama vilivyotobolewa kwa penseli. Nikadhani ni sisimizi. Nikaamuru palimwe pamoja na kwingine, tukaweka vitanda vya maua vilivyopangwa sawasawa. Mwaka uliofuata maua yalichanua vizuri na hayakutembelewa na nyuki hata mmoja. Baadaye, mahali pengine, nilikaa chini nikatazama vitundu vya aina ileile kwa saa nzima, na nikamwona nyuki mdogo wa kijivu anaingia na miguu yake ya nyuma imejaa chavua ya njano. Anatoka, anarudi, anatoka. Nilielewa siku hiyo kwamba ile kona ilikuwa na watoto wao ndani ya udongo, na mimi niliipitisha jembe.

Tukisema "nyuki" watu wengi wanafikiria mzinga na asali. Duniani kuna aina za nyuki zipatazo 20,000, na walio wengi mno hawana mzinga, hawana malkia, hawatengenezi asali ya kuvuna. Ni nyuki wapweke: kila jike anachimba kitundu chake, anaviringisha donge la chavua na utamu wa maua, anataga yai moja juu yake, anaziba chumba, anaanza kingine. Anaishi majuma machache tu. Watoto wake hubaki humo ndani miezi mingi, hadi maua ya msimu wao yarudi. Wengi wao hukaa ardhini. Wengine hukaa kwenye mashina makavu yenye tundu, kwenye nyufa za ukuta wa matofali, kwenye mbao kuukuu. Yule mkubwa mweusi anayetoboa mihimili ya paa na kunguruma kama pikipiki ni mmoja wao. Kuna mwingine ana mistari ya bluu tumboni na anaruka kwa kushtukashtuka. Hawa wawili wana kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi: wanashika ua la nyanya au bilinganya na kulitetemesha kwa misuli ya mbawa mpaka chavua imwagike. Jirani mwenye nyanya nyuma ya nyumba anawategemea bila kuwajua.

Sasa fikiria kiwanja chenu kabla ya salongo. Kilikuwa na uchafu, ndiyo. Chupa, mifuko ya plastiki, betri. Hivyo viondoke, na vikiondoka ni ushindi. Lakini kilikuwa pia na udongo ambao hakuna aliyeulima kwa miaka mingi, mashina makavu, kishona nguo kile kinachonata kwenye soksi za watoto, pengine na alizeti mwitu ya njano kando ya mtaro. Vyote hivyo vilikuwa nyumba na chakula. Vijana wakang'oa, wakachoma, wakalima. Sisi watu wa Lubumbashi tumelelewa kuamini kwamba mahali safi ni mahali peupe, palipofagiwa mpaka udongo ung'ae, na nyasi ni dalili ya uvivu na ya nyoka. Uani kwako fagia. Kwenye kiwanja hicho naomba ufagio, jembe na kiberiti vipumzike.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina mbegu. Tembeeni kiwanjani, wewe na vijana wawili watatu, asubuhi yenye jua, polepole, mkitazama chini. Mkiona vitundu, wekeni vijiti kuzunguka na kamba, na sehemu hiyo isilimwe, isimwagiwe takataka, isiwekwe majani juu. Hata mita mbili kwa mbili zinatosha. Kama mwaka jana kila kitu kililimwa, tengeni kipande kipya upande unaopata jua la asubuhi, kishindilieni kidogo, mkiache kitupu. Wanaweza kurudi wenyewe. Mashina makavu ya matete yafungeni mafungu ya urefu wa kiganja, yenye tundu la upana wa penseli au chini yake, nyuma pawe pamezibwa, myaning'inize chini ya kivuli cha ukuta pasipofika mvua. Gogo moja la zamani lilazeni kando.

Na kama kuna kichuguu, nakusihi msikiuze kwa wachoma matofali. Hapa kwetu vichuguu vikubwa vinaweza kufika mita 8, na udongo wake una mfinyanzi na chokaa kuliko udongo mwekundu unaouzunguka; ndiyo maana wakulima wa pembezoni mwa mji wanapenda kulima juu yake. Kuna nyuki wadogo wasiouma, ambao wanasayansi huwaita Plebeina, wanaojenga kiota chao ndani kabisa ya kichuguu cha mchwa. Kichuguu kikibomolewa, wanakwenda nacho.

Nikija kwenye mimea, swali la "tupande nini" nalibadilisha kidogo: ni miezi gani hakuna ua lolote mtaani kwenu? Bustani nyingi za mjini huchanua zote pamoja wakati wa mvua, kisha kuna ukimya wa miezi. Nyuki wa asali anaweza kuruka kilomita tatu na zaidi kutafuta. Nyuki wapweke wadogo wengi hawavuki mita mia chache. Kwao, kiwanja chenu ndicho dunia, na mwezi mmoja wa njaa unatosha kuwamaliza.

Zamani pori la miombo liliziba mapengo hayo. Muputu na ndugu zake huchanua kabla ya mvua, mwezi wa tisa na wa kumi, wakati ardhi imekauka kama tofali. Mutondo huchanua mvua inapokwisha, mwezi wa nne na wa tano. Ndiyo maana wafugaji wa nyuki wa miombo, kwetu na ng'ambo ya mpaka Zambia, wana mavuno mawili. Lakini miti hiyo imekwenda kuwa makala, yaani mkaa, na kila mwaka msitu unasogea mbali zaidi na mji. Mizinga yangu iko upande wa barabara ya Kasenga, na nimelazimika kuihamisha kwa sababu hiyo hiyo. Mjini tumebaki na jacaranda, ambayo sasa hivi inaipaka mitaa yetu rangi ya zambarau na kweli nyuki wanaipenda, na miembe inayochanua kuanzia mwezi wa saba, na miparachichi inayofuata. Kwa hiyo mwezi wa nane hadi wa kumi mtaa wenye miti ya matunda haufi njaa. Hapo msihangaike.

Pengo lenu la kwanza ni mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi. Hapo dawa yangu ni shubiri mwitu. Huchanua katika baridi hiyo hiyo, haitaki maji, mbuzi hawaili kwa hamu, na ukiipanda mstari mmoja kando ya njia inakuwa ua wa kuzuia watu kukatiza. Chipukizi zake huota pembeni ya mama. Mtu mwenye shubiri uani atawapa ishirini bila kudai kitu. Pandeni sasa, kabla ya mvua, msizimwagilie sana zisije zikaoza. Pamoja na shubiri wekeni mbaazi upande wa ukuta. Zile za muda mrefu mkizipanda mwezi wa kumi na mbili zitachanua mvua ikishakwisha na kuendelea ndani ya kiangazi, na wale nyuki wakubwa weusi huzifuata kama watoto wanavyomfuata muuza mikate. Mbaazi mbuzi wanazipenda, kwa hiyo ziwe ndani, nyuma ya shubiri.

Pengo la pili watu hawalitegemei: mwezi wa kwanza na wa pili, katikati ya mvua kubwa. Kila kitu ni kijani, lakini mvua ya kila alasiri inaosha utamu wa maua na nyuki wanakaa ndani siku nyingi. Kinachosaidia hapo ni maua yanayoinamisha kichwa au yaliyofunikwa, na mengi kwa pamoja, ili saa mbili za jua la asubuhi ziwatoshe. Mrehani unafaa sana. Ua lake ni dogo, limejikunja kama mdomo, utamu unahifadhika ndani, na ukikata vichwa vilivyokauka linachanua tena na tena. Mrehani ukimwagiwa maji ya kuoshea mboga unaendelea hadi ndani ya kiangazi. Kama ningeruhusiwa mmea mmoja tu kwenye kiwanja chenu, ningechagua huo.

Katikati wekeni alizeti, lakini msizipande siku moja. Fungu la kwanza mwezi wa kumi na mbili, la pili katikati ya mwezi wa kwanza, la tatu mwisho wa mwezi wa pili. Alizeti huchukua miezi miwili na zaidi kidogo hadi kuchanua, kwa hiyo mtakuwa na maua tangu mwezi wa pili hadi wa tano. Chagueni mbegu za kawaida za mafuta. Zile za mapambo zenye petali nyingi zina kasoro ileile ya rozi, na baadhi ya nyingine hazitoi chavua kabisa. Kosmosi nayo irusheni popote, itajizalia yenyewe. Kila aina ipandeni fungu kubwa, angalau mita moja kwa mita moja, kwa sababu nyuki akitoka asubuhi hushika aina moja ya ua na kuifuata safari nzima. Mmea mmoja mmoja uliotawanyika unamchosha.

Kishona nguo kiacheni kipande upande wa nyuma. Alizeti mwitu ile ya njano iliyojaa kando ya barabara zetu sitaki muipande. Ilitoka Meksiko, na ikipewa nafasi inameza kila kitu. Lakini kama tayari ipo msiing'oe kabla ya kuchanua. Acheni nyuki wapate chakula, kisha kateni kabla mbegu hazijakomaa na mlaze majani yake chini ya mimea mingine: yanaoza haraka na ni mbolea nzuri sana. Na ule mti wa maua makubwa mekundu kama vikombe, unaopandwa kwa ajili ya kivuli, usiwe ndani ya bustani ya nyuki. Ni mti wa Afrika, ni mzuri machoni, lakini watafiti wa Brazili, ambako ulipelekwa, wamekuta ndani ya maua yake nyuki wadogo wengi wamekufa.

Miti ya miombo je? Wengi wameniambia haipandiki, kwa sababu wamekwenda porini, wameng'oa mche, wakaja nao mjini ukafa. Muputu hutangulia kupeleka mzizi mrefu chini kabla ya kuonyesha chochote juu. Ukiukata mzizi huo umeuua. Tena unaishi na uyoga. Bowa tunayonunua kando ya barabara kuanzia mwezi wa kumi na mbili mara nyingi ni tunda la uyoga ulioshikamana na mizizi ya miti hiyo, unaolisha mti na kulishwa nao. Kwa hiyo tafuteni maganda sasa hivi, kabla hayajapasuka kwa mlio na kurusha mbegu, pandeni mbegu palepale mti utakapoishi, na muweke ndoo ya udongo uliotoka chini ya muputu mwingine. Itachukua miaka mingi kuona ua. Kabla ya hapo, kagueni kama kiwanjani kuna kisiki cha zamani kinachojaribu kuchipua. Mizizi ya miombo haifi haraka. Kisiki chenye chipukizi, ukikiachia chipukizi moja iliyonyooka na kukilinda na moto, kitawashinda miche yote kwa kasi.

Jambo ambalo hukuuliza lakini lazima nilitaje ni udongo wenyewe. Tangu tanuru la kwanza la shaba liwashwe hapa mwaka 1911, moshi umebebwa na pepo za kusini-mashariki na kutua zaidi upande wa kaskazini-magharibi wa bomba la moshi, ukiacha ardhini shaba, risasi, zinki na kadmi. Pia kuna vumbi la mawe ya madini yanayopita kwa malori, na majalala yana betri zake. Kiwanja chenu kilikuwa jalala, basi chukueni tahadhari. Kama kuna sehemu ambapo hata nyasi hazioti mvua ikinyesha, msiwapeleke watoto kuchezea udongo huo. Tafuteni mtu wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi awapimie. Wataalamu wa huko walifanya majaribio ya kufunika udongo wa namna hiyo kwa kuchanganya chokaa na mboji na kupanda nyasi fupi za asili zinazovumilia shaba, na kartie (mtaa) ya Penga Penga imekuwa darasa lao kwa miaka. Msipande lenga-lenga (mchicha) wala majani yoyote ya kula kwenye kiwanja hicho mpaka kipimwe, hata kama yananawiri, kwa sababu mboga za majani hunyonya kadmi bila kuonyesha ugonjwa. Hata lile jaribio la maboga lifanyeni uani kwa watu, kwenye udongo mnaoulima siku zote. Na mahali penye sumu nyingi pasiwekwe maua ya nyuki pia. Uchunguzi uliofanywa Poland na Uingereza ulionyesha nyuki wapweke wanapungua kadiri metali zinavyoongezeka. Fukia pale kwa nyasi na chokaa, na uweke maua kwenye nusu iliyo salama au kwenye vitanda vilivyoinuliwa kwa udongo mwema.

Wazazi wanaoogopa wasikilizwe, hofu yao ina sababu. Nyuki wa asali wa Afrika ni mkali, lakini ukali wake ni wa mlangoni kwake. Nyuki aliye juu ya ua anafanya kazi; ukimkanyaga au kumfinya atauma, usipomgusa hana habari nawe. Nyuki wapweke karibu hawaumi, na dume wa nyuki yeyote hana mwiba kabisa. Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sitaki ijadiliwe: hakuna mzinga kwenye kiwanja kilicho kando ya shule. Hata mmoja. Hata kama mtu atasema asali itanunua madaftari. Likitokea kundi la nyuki likatua kwenye tawi, mara nyingi limepumzika tu, litaondoka baada ya saa chache au siku mbili. Watoto wahamishwe mbali, asitupe mtu jiwe, asichome mtu tairi, aitwe mfugaji wa nyuki jioni. Wafundishe wanafunzi pia: ukiumwa, ng'oa mwiba upesi kwa kukwangua kwa ukucha, kisha ondoka mahali pale, kwa sababu mwiba unatoa harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake. Mtoto akivimba midomo au kushindwa kupumua, hospitali papo hapo, asisubiri mtu akatafute kitunguu.

Karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi hii ni mali ya serikali, na kiwanja mnachokitunza hakiwi chenu kwa kukitunza. Neno la mdomo la shefu wa kartie halitoshi. Andikeni barua kwa burgumesta, yaani mkuu wa komini, mkitaja vipimo na kwamba hamtajenga wala kuuza chochote, mpeleke nakala mbili na mrudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeona bustani nzuri ikigeuzwa vibanda kwa siku moja kwa sababu hakuna aliyekuwa na karatasi.

Maji ya kiangazi: beseni pana lisilo na kina, mawe ndani yake yakitokeza juu ili nyuki asimame bila kuzama, limwagwe na kujazwa upya kila baada ya siku mbili ili mbu wasizaliane. Wanafunzi wapeane zamu. Dawa za wadudu zisipulizwe kiwanjani kamwe, na muwaombe majirani wenye nyanya wanaopuliza wafanye hivyo jioni maua yakishafungwa na nyuki wakisharudi.

Kwa mwezi huu basi: karatasi, shubiri, vitundu, maganda ya muputu. Mrehani usieni kwenye makopo mwezi wa kumi, muuhamishie kiwanjani mvua ikishatulia. Na kabla ya kupanda chochote fanyeni hesabu. Kila Jumatano saa tatu asubuhi, wanafunzi wanne wakae mbele ya mita moja ya mraba kwa dakika kumi, waandike wamemwona nani: nyuki wa asali, mdogo mweusi, mkubwa mweusi, wa mistari ya bluu, na kwenye ua gani. Sasa hivi pengine wataandika sifuri, na sifuri hiyo iandikwe pia, na tarehe yake. Niletee daftari hilo mwezi wa saba mwakani, baridi ikiwa kali, tutazame pamoja ni juma gani kurasa zilibaki tupu, na tutajua cha kupanda mwaka wa pili.